Daftari Sifuri

Kwenye semina ya kwanza ya shahada ya uzamili tuliambiwa tujitambulishe: jina, ulikotoka, na lugha ya kwanza uliyoandikia programu. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Wa kwanza akataja C. Wa pili akataja Java, akaongeza "kwa bahati mbaya," darasa likacheka. Wa tatu Python. Zamu yangu ilipofika nikasema nimetokea Buguruni na lugha yangu ya kwanza ni Python. Buguruni ilikuwa kweli.

Lugha yangu ya kwanza ni PHP. Nilidanganya kwa sababu muda mfupi kabla ya hapo jamaa mmoja alikuwa ametania kwamba mtu anayeandika PHP hadi leo apelekwe akapimwe akili, na kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko kile cha Java. Nilicheka na mimi. Nilicheka kuliko wengine.

Nje ya fani yetu watu huwa hawaamini nikiwaambia kwamba lugha za kompyuta zina wapenzi na maadui kama Simba na Yanga. Wanadhani ni vifaa tu, kama nyundo na msumeno. Lakini kaa na madevelopa saa moja kwenye kijiwe chochote, utasikia: Java ina maneno mengi kama hotuba ya mgeni rasmi, JavaScript haina akili, PHP ni ya wababaishaji. Na ukichunguza utaona msemaji mara nyingi hajaandika hiyo lugha kwa miaka, au hajaiandika kabisa. Amerithi chuki kama alivyorithi timu.

PHP nilijifunza mwaka 2015, nikisubiri matokeo ya kidato cha nne, nyuma ya duka la stesheneri upande wa Kwa Mnyamani. Mbele walitoa fotokopi, wakachapa barua za kuomba kazi na kupiga picha za pasipoti. Nyuma, penye pazia, alikaa kaka mmoja tuliyemwita Fundi kwa sababu alitengeneza chochote: printa, redio, simu iliyoanguka kwenye maji. Alikuja Dar kutoka Musoma, na ulimi wake haukuona sababu ya kutofautisha r na l. Alisema "raptopu". Vijana wa mtaani tulimcheka sana kwa hiyo "raptopu", mimi nikiwemo, ingawa mama yangu mwenyewe hakuwa ameipata hiyo tofauti hadi leo.

Fundi alikuwa na kompyuta ya mezani ya mtumba kutoka Kariakoo na flashi moja aliyoitunza kama hirizi. Ndani ya flashi mlikuwa na XAMPP, programu moja inayokupa seva, kanzidata na PHP kwa pamoja, na kurasa za mafunzo alizozinakili kutoka intaneti kafe. Hakukuwa na intaneti pale nyuma ya pazia, wala haikuhitajika. Uliandika faili, ukalihifadhi kwenye folda yake, ukafungua kivinjari, ukaona ulichoandika. Siku ya kwanza niliandika mistari mitatu na kompyuta ikanisalimia kwa jina langu. Nilirudi nyumbani nikitembea kando ya reli kama mtu aliyepata ajira.

Nimekuja kuamini kwamba jambo hili ndilo linalosahaulika wenzangu wanapocheka. PHP ilifika hadi Buguruni kwa sababu haikudai kitu. Leo ukianzisha mradi wa JavaScript kwa mtindo wa kisasa, kabla haujafanya lolote zaidi ya kuandika salamu kwenye skrini, tayari unaweza kuwa na folda ya mamia ya megabaiti za msimbo wa watu usiowajua. Mwenye waya wa intaneti ofisini haoni tatizo. Mimi niliwahi kuumaliza bando la wiki nzima kwa amri moja, na tangu siku hiyo nina kinyongo na JavaScript ambacho hakihusiani hata kidogo na sarufi yake. Fundi naye aliichukia Java. Kisa? Kwenye mashine yake, programu ya kuandikia Java ilichukua muda wa kwenda kwa mama ntilie, kunywa chai ya rangi na kurudi, ndipo ifunguke. Hakuwahi kuniambia lolote kuhusu ubora wa Java kama lugha. Nadhani hakufika huko.

Sasa nisiitetee PHP kupita kiasi. Ina kasoro, na nyingine ni za aibu. Aliyeianzisha, Rasmus Lerdorf, Mdenishi-Mkanada aliyezaliwa Greenland, hakukusudia kutengeneza lugha. Mwaka 1994 alitaka kujua nani anasoma wasifu wake wa kazi kwenye mtandao, akaandika vizana vya kumsaidia, na mwaka 1995 akavigawa bure. Watu wakavipenda, wakaongezea vyao, vikakua kama nyumba za mtaani kwetu: chumba na sebule, halafu chumba cha mpangaji, halafu kibanda cha duka mbele, hakuna ramani. Ndiyo maana majina ya amri zake hayafanani. Moja ina kistari katikati, ndugu yake hana. Lerdorf mwenyewe amewahi kueleza kwamba mwanzoni baadhi ya majina aliyachagua kwa kuangalia urefu wake, kwa sababu lugha ilizipanga amri kwa idadi ya herufi na alitaka zisijazane sehemu moja. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu kwenye daladala.

Kasoro kubwa zaidi ni tabia yake ya kubashiri. Ukurasa wa mtandao hutuma kila kitu kama maandishi: jina ni maandishi, umri ni maandishi, hata fedha. PHP ikaamua kumrahisishia mwandishi. Ikiona maandishi yanayofanana na namba, inayachukulia kama namba bila kuulizwa. Ni kama konda anayekuona na ndoo ya samaki, akajua umetoka Feri na unaelekea sokoni, akakuita kabla hujafungua mdomo. Mara nyingi anapatia. Python haikufanyii hivyo. Ukijumlisha maandishi na namba inagoma na kukupa kosa. Wanaopenda Python huuita huo uaminifu. Fundi angeuita kiburi.

Na dharau hii haikuanza na sisi. COBOL, iliyobuniwa mwaka 1959 kwa ajili ya kazi za biashara, ndiyo iliyokuja kubeba mahesabu ya mabenki duniani, na mwaka 1975 Edsger Dijkstra, Mholanzi mwenye heshima kubwa katika fani yetu, aliandika kwamba lugha hiyo inalemaza akili na kuifundisha kulistahili kuhesabiwa kosa la jinai. Ninapowaza sentensi ile, ninayemwona si COBOL. Namwona karani fulani wa benki aliyejifunza COBOL ili alipe ada za watoto, akisoma kwamba akili yake imelemaa. Katika utafiti wa kila mwaka wa Stack Overflow, mwaka 2020 lugha iliyoongoza kwa kuogopwa na watumiaji wake ilikuwa VBA, ile wanayoandikia wahasibu ndani ya Excel. Iliyoongoza kwa kupendwa, tangu mwaka 2016, ilikuwa Rust. Rust ni lugha changa. Wengi wanaoandika Rust wanaanza ukurasa mpya. VBA unaikuta. Unakabidhiwa faili la mtu aliyestaafu, halina maelezo, na bosi anataka ripoti saa nane.

Hayo yote niliyajua, na bado nilisema Python.

Mwezi Novemba mwaka jana, Ijumaa usiku, Mama alinipigia. Mama ni katibu wa kikoba cha akina mama wa mtaani kwetu. Mwaka ule wa 2015 Fundi aliwatengenezea mfumo wa kutunza hisa, kwa malipo ambayo hadi leo sijui kama yalikamilika, na mfumo huo umekuwa ukiendeshwa kwenye kompyuta moja baada ya nyingine kwa miaka yote hiyo. Kila mwanachama ana namba: namba ya daftari lake la zamani, herufi ya kwanza ya jina, na ukurasa. Daftari la kwanza Fundi aliliita sifuri, kwa sababu sisi watu wa kompyuta huanza kuhesabu na sifuri na tunaona ni jambo la kujivunia.

Mama alikuwa analia. Sijawahi kumsikia analia kwenye simu. Kuna mwanachama mgeni, alijiunga Februari, akapewa ukurasa wa mama mmoja aliyehama. Kila wiki alileta shilingi 5,000 na kadi yake ina sahihi ya Mama wiki zote 41. Kwenye mfumo hisa zake ni sifuri. Shilingi 205,000 hazipo, mgao ni mwezi ujao, na kwenye kikao mtu alisema kwa sauti: katibu amekula.

Kibaya zaidi kilikuwa kimeshatokea Juni. Mgeni yule alikuwa na fremu ya kusuka nywele karibu na soko. Kodi ilipoisha aliomba mkopo, na kwa taratibu zao unakopa hadi mara tatu ya hisa zako. Mara tatu ya sifuri. Mwenyekiti alisema mfumo haudanganyi. Mama alimwambia asubiri, labda mwezi unaofuata utakaa sawa. Mwenye fremu hakusubiri.

Jumamosi nilikwenda. Nilifungua msimbo kwenye laptopu, sebuleni, Mama amekaa pembeni na ushungi wake mkononi anaukunja na kuukunjua. Ilinichukua kama dakika ishirini. Mfumo ulikuwa unapita orodha ya wanachama mmoja mmoja ukilinganisha namba ya kadi na namba iliyoandikwa, na ulilinganisha kwa alama mbili za "sawa na". Kwenye PHP alama mbili maana yake ni: linganisha, na ukiona inafaa, bashiri. Alama tatu maana yake ni: linganisha kama yalivyo, usijitie kujua.

Namba ya mgeni ni 0E17. Kuna mama mwingine, mwanachama tangu mwanzo, mwenye 0E04. Majina yao yote mawili yanaanza na E, na wote wako daftari sifuri. Kwa binadamu hizo ni kadi mbili. Lakini katika hesabu za kisayansi, E katikati ya tarakimu maana yake ni "mara kumi kwa kipeo cha". PHP ikaona 0E17, ikasema: ahaa, sifuri mara kumi kwa kipeo cha kumi na saba, hiyo ni sifuri. Ikaona 0E04: sifuri pia. Sifuri ni sawa na sifuri. Kwa hiyo kila shilingi 5,000 ya mgeni iliingia kwa 0E04, kwa kuwa ndiye aliyetangulia kwenye orodha. Miaka yote ya nyuma tatizo halikuonekana kwa sababu daftari sifuri lilikuwa na mwenye E mmoja tu.

Nitasema ukweli: nilifurahi. Mama hakuwa mwizi, hilo la kwanza. Lakini kulikuwa na furaha ya pili, ndogo na isiyopendeza, ya kuona kwamba darasa zima lilikuwa sahihi. Hii ndiyo PHP. Na si kwamba ni ya zamani tu. Toleo la 8, lililotoka Novemba 2020, lilirekebisha mengi ya kubashiri huku, lakini ukiipa maandishi haya mawili leo bado itakuambia ni sawa.

Jumapili nilisimama mbele ya akina mama thelathini na kitu, chini ya mwembe, nikaeleza. Nilisema katibu hana kosa. Nilisema kosa ni la lugha iliyotumika, lugha mbovu, ambayo siku hizi wataalamu hawaitumii, na aliyewatengenezea hakuwa na elimu ya kutosha. Maneno yale nayakumbuka vizuri kuliko ninavyotaka.

"Lugha?" akauliza mama mmoja muuza mihogo. "Kwani kompyuta ilikuwa inasema lugha gani, mwanangu?"

Wakacheka, hali ya hewa ikatulia. Mwenye 0E04 akasimama akasema aliona hisa zake zimekua lakini alidhani ni faida. Hakuna aliyemjibu. Alikuwa amekopa kwa hisa hizo zilizovimba na mkopo umeingia kwenye biashara ya mkaa, kwa hiyo walikubaliana arudishe kidogokidogo. Mgeni alirudishiwa hesabu yake kwenye mfumo. Fremu sasa ina mtu anayeuza vifuniko vya simu.

Usiku ule nilikaa nirekebishe. Kazi yenyewe ilikuwa kuongeza alama moja: ya tatu. Nikashuka mwisho wa faili kuona kama kuna sehemu nyingine yenye ulinganisho wa namna ile, na chini kabisa, baada ya mistari mitupu mingi, nikakuta Fundi ameandika maelezo kwa herufi ndogo: "hii kaandika dogo. inafanya kazi. nitaipitia."

Dogo ni mimi.

Nilikumbuka palepale. Fundi alikuwa anatengeneza printa, akaniambia, dogo, jaribu wewe kuandika ya kutafuta mwanachama. Nilijaribu siku mbili. Ilipofanya kazi nilimwita aje aone, akaja na mikono yenye wino, akasema safi. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Alama tatu zilikuwemo kwenye zile kurasa alizonakili, kuna sehemu nzima inayozieleza, na niliiruka kwa sababu mbili zilishafanya kazi.

Nilimwambia Mama asubuhi, akiwa anachuja chai. Alinyamaza muda mrefu.

"Kwa hiyo Fundi wa watu umemsema bure mbele ya kadamnasi."

"Ndiyo, Mama."

"Na yule mwenzetu wa nywele?"

Sikuwa na jibu la swali hilo, na sina. Jumapili iliyofuata nilirudi chini ya mwembe nikasema msimbo ule niliuandika mimi. Mama muuza mihogo alisema ulikuwa mtoto, usijitese. Mwenye fremu hakusema kitu. Alikuwa anamsuka binti wa mwenyekiti palepale kwenye mkeka, na hakuinua kichwa. Nimemlipa sehemu ya kodi ya fremu nyingine, upande wa Malapa. Ni mbali na wateja wake.

Darasani wenzangu bado wanaicheka PHP, halafu wanafungua Moodle kupakia kazi zao, na Moodle yenyewe imeandikwa kwa PHP. Mara mbili nimetaka kuwaambia. Mara ya tatu niliwaambia, nikawaambia na lugha yangu ya kwanza. Jamaa wa utani wa kupimwa akili alinitazama, kisha akasema yeye alianza na Visual Basic, kwa kaka yake, Mbeya, na tusimwambie mtu.

Fundi nilimpata kwa simu baada ya kuulizia wiki nzima. Amerudi Musoma, anatengeneza injini za mitumbwi, kompyuta alishaziacha. Nilimsalimia, nikamweleza habari yote tangu daftari sifuri hadi maneno niliyomsema. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilisikia injini ikijaribiwa nyuma yake, inawaka na kuzima.

"Dogo," akasema mwishowe, "kabra hujagusa hiro fairi, urifanya bekapu?"

Sikuwa nimefanya.